Hakuanguka hata siku moja, kwa nini apewe dawa ya kifafa?

Bi mkubwa aliiweka bahasha ya dawa juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja kama anayesogeza kitu asichotaka kimguse. Famasi yetu iko Ngamiani, kwenye zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akashusha sauti ingawa dukani tulikuwa wawili tu.

"Mwanangu, hebu nisomee vizuri hapa. Jirani yangu ana mtoto anaanguka kifafa, na vidonge vyake ndivyo hivi hivi. Wangu mimi tangu nimzae hajaanguka hata siku moja. Hawa hawajakosea kweli?"

Hawakukosea. Ilikuwa kabamazepini ya miligramu 200, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni kwa wiki ya kwanza, kisha kidonge kizima, na cheti kilitoka kliniki ya afya ya akili. Na kweli ni dawa ya kifafa. Ningeweza kumjibu "hawajakosea, mama" nikamrudishia bahasha yake, lakini najua ingeishia wapi: juu ya kabati, pembeni ya kombe na ubani, mpaka muda wake upite. Nikamvutia stuli.

Kijana mwenyewe ni mvuvi wa Sahare. (Mambo mengine nimeyageuza ili asitambulike.) Asubuhi moja mjomba wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba amewachelewesha, maji yameshakupwa. Hilo tu. Kijana akachomoa kisu cha kukatia chambo, akalichana tanga la ngalawa ya mjomba kutoka juu hadi chini. Walipomkamata alikuwa anatetemeka mwili mzima, na haikupita robo saa akawa analia. Siku mbili zilizofuata alikaa kivulini na sindano ya matanga, akalishona lile tanga peke yake, kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe haukupatikana, mshono karibu na mshono. Mama yake aliniambia habari za ule uzi mwekundu mara mbili.

Haikuwa mara ya kwanza. Simu tatu zilishavunjwa ukutani, na mchumba mmoja alishaondoka. Kila safari ni vilevile: neno dogo, mlipuko, halafu majuto makubwa kuliko kosa. Alishapelekwa kwa mganga aliyesema ni jini wa baharini. Akapungwa, akatulia mwezi, ikarudi. Mwisho ndipo wakaenda hospitali, na huko daktari akaandika "tatizo la haiba".

Hapo ukazuka mkanganyiko wa pili, maana kwetu pwani haiba ni sifa. Bibi harusi ana haiba, sheikh ana haiba. "Haiba ya mwanangu ina nini?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Kitabibu neno hili limebebeshwa mzigo mwingine. Ni ule mkao wa mtu tangu ujanani: anavyojiona, anavyowaona wenzake, anavyopenda na anavyokasirika. Kila mmoja wetu ana wake. Unaitwa tatizo pale unapomvunjia mtu kazi, ndoa na urafiki mwaka baada ya mwaka, na yeye hana namna nyingine ya kuwa. Zamani madaktari waliyapanga matatizo haya kwa majina mengi kama samaki mnadani. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 umeyaweka kando karibu majina yote, na badala yake unauliza kwanza: tatizo ni kali kiasi gani?

Sasa, kabamazepini haitibu haiba. Hakuna kidonge kinachoitibu, na Marekani na Uingereza hakuna hata kimoja kilichosajiliwa kwa kazi hiyo. Anayeandikiwa dawa ya kifafa kwa tatizo la haiba ameandikiwa nje ya kile dawa ilichosajiliwa kutibu. Si uhuni, madaktari hufanya hivyo kwa magonjwa mengi. Kinacholengwa ni kitu kimoja tu ndani ya ile haiba, nacho Kiswahili kimekipa jina zamani.

Tuna hamaki na tuna kinyongo. Mwenye hamaki anawaka kabla hajajua kwamba amewaka. Mwenye kinyongo anacheka nawe leo, anakuuliza hali ya watoto, halafu usiku wa wiki ya tatu kamba ya nanga yako imekatwa. Mbele ya balozi wote wawili ni wakorofi. Mbele ya dawa ni watu tofauti kabisa.

Hili lilijaribiwa gerezani, Texas. Mtafiti Ernest Barratt na wenzake walichapisha mwaka 1997 matokeo ya kuwapa wafungwa wagomvi fenitoini, dawa kongwe ya kifafa. Kwanza waliwatenganisha: hawa ugomvi wao ni wa papo kwa papo, wale ni wa kupanga. Kwa wa kwanza, vurugu zilipungua. Kwa waliopanga, fenitoini haikufanya lolote. Mtu aliyekaa wiki tatu akinoa panga hana hitilafu ya breki, anakwenda anakotaka kwenda. Mimi naona hii ndiyo habari yenye manufaa kuliko zote katika mada hii, na ndiyo isiyoulizwa kliniki. Familia huulizwa "anapiga?" Ni nadra kuulizwa "kabla ya kupiga, anakuwaje? Na baada ya kupiga?"

Tanga lililoshonwa kwa uzi mwekundu lilikuwa jibu tosha.

Lakini dawa ya kifafa ilifikaje kwenye hasira? Kwa njia za panya, kama dawa nyingi. Kabamazepini ilitengenezwa na Walter Schindler katika kampuni ya Geigy, Basel, mwaka 1953, na moja ya kazi zake za mwanzo haikuwa kifafa, bali yale maumivu makali ya mshipa wa uso. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ina kisa kizuri zaidi. Ilikuwapo tangu 1882 kama kimiminika cha maabara tu, hakuna aliyeifikiria kuwa dawa. Mwaka 1962 Mfaransa Pierre Eymard aliitumia kuyeyushia vitu vingine alivyokuwa anavipima kama dawa. Kila alichokiyeyusha kikaonekana kinazuia degedege la wanyama wa maabara, mpaka ikagundulika kuwa mzuiaji ni kile kiyeyusho. Miaka ya 70 madaktari wa Japani wakaona kwamba wagonjwa wanaomeza kabamazepini wanatulia hata ile hali ya kupandwa na wazimu wa furaha na kutolala. Kutoka hapo, kuijaribu kwa watu wa hamaki ilikuwa hatua moja tu.

Kinachofanyika ndani ya kichwa kinaelezeka. Seli za ubongo husemezana kwa umeme. Kwenye ukuta wa seli kuna vijilango vya kuingizia sodiamu: mlango ukifunguka seli inapiga, kisha mlango unajifunga na kupumzika kidogo kabla ya kufunguka tena. Kabamazepini na fenitoini huurefusha ule mpumziko. Seli inayopiga kwa mwendo wake wa kawaida haihisi sana, ila ile inayotaka kupiga mfululizo inakatwa pumzi. Valproeti ina njia zake kadhaa, mojawapo ni kuiongezea nguvu gaba, kemikali ambayo ubongo huitumia kuzituliza seli.

Kwenye kifafa hesabu hiyo inakubali moja kwa moja. Kwenye hamaki ni dhana yenye mantiki zaidi kuliko jambo lililothibitishwa: kwamba sehemu za ndani ya ubongo zinazonusa hatari hupiga kengele mapema mno na kwa nguvu mno, na sehemu ya mbele inayopima mambo inachelewa kufika. Tanga ni mji wa baiskeli, nikamwambia bi mkubwa hivyo hivyo: mwanao anateremka mlima, breki anazo, ila mkono unafika kwenye breki baada ya ajali. Dawa inapunguza mteremko. Haimfundishi kukamata breki.

Akaniuliza swali ambalo wengi huulizana kimyakimya. "Kwa hiyo ana kifafa cha ndani?" Hana. Kulikuwa na zama watu waliamini kwamba mlipuko wa hasira ni kifafa kilichojificha, na hadi leo wapo wanaoamini. Mtu akiwa katikati ya kifafa, mara nyingi fahamu imemtoka au imefifia. Kuchagua tanga la mjomba kati ya matanga yote ya pwani ile, na kulichana kwa kisu, si kazi ya kifafa. Dawa moja kufaa mahali pawili hakuyafanyi magonjwa yawe moja. Aspirini inapunguza homa na inazuia damu kuganda, na hakuna anayesema homa ni damu iliyoganda.

Sasa niseme jambo ambalo muuza dawa huwa hapendi kulisema: ushahidi ni mdogo kuliko wingi wa vyeti vinavyoandikwa. Ulianza kwa matumaini. Mwaka 1988 Wamarekani Rex Cowdry na David Gardner walichapisha jaribio la wanawake 16 wenye ile haiba ambayo hisia hupanda na kushuka kwa saa na hofu ya kuachwa haiishi. Walipokuwa kwenye kabamazepini, vitendo vyao vya kushindwa kujizuia vilipungua ukali. Katika jaribio lilelile walipewa pia alprazolamu, dawa ya jamii ya Valium, na hali ikawa mbaya zaidi. Narudia hapo kwa sababu kila wiki huja mtu anataka "kidonge cha usingizi" cha kumtuliza ndugu mkorofi. Kwa mtu wa hamaki, kidonge hicho kinaweza kuilegeza ileile breki, sawasawa na inavyofanya gongo.

Jaribio kubwa zaidi lilitoka 2003, la Eric Hollander na wenzake, kwa valproeti, watu 246, wiki 12. Ukiwachukua wote kwa pamoja, dawa haikuvishinda vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani. Walipowaangalia peke yao wenye matatizo ya haiba, watu 96, hapo tofauti ikajitokeza. Mshabiki wa dawa atasoma sentensi ya pili, mwenye shaka atasoma ya kwanza. Mwaka 2010 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 14 ya dawa za kifafa kwa ugomvi, jumla watu 672, wa magonjwa mchanganyiko. Dawa nne zilionekana kusaidia angalau katika jaribio moja, mengine hayakuonyesha kitu, na waandishi wakakataa kutoa hukumu ya jumla. Watu 672 ni wachache kuliko wanaoingia Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na timu kubwa.

Kisha ikaja lamotrijini, nayo ni dawa ya kifafa, ambayo wengi waliitegemea. Uingereza wakafanya jaribio la uhakika, watu 276 wenye ile haiba ya hisia kupanda na kushuka, mwaka mzima, likachapishwa 2018. Waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu wakamaliza mwaka wako palepale. Taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba tangu 2009 inawashauri madaktari wasitumie dawa kama tiba ya aina hiyo ya haiba yenyewe.

Kwa hiyo je, daktari wa kijana alikosea? Kwa maoni yangu hapana, mradi alikuwa anajua anachokitafuta: hamaki na si haiba, kwa muda wa kupimwa na si kwa maisha, na akiwa tayari kuiondoa dawa isipoleta kitu. Hiyo mradi ni kubwa. Nimeona vyeti vinavyorudiwa mwaka wa nne bila mtu kuuliza kama mlipuko ulikuwa mara tano kwa mwezi na sasa ni mara ngapi. Nilimwambia bi mkubwa aanze siku ileile kutia alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la nguo, kila siku kijana anapowaka. Alama ya mkaa inatosha.

Halafu kuna yale ambayo bahasha haina nafasi ya kuyaandika. Kabamazepini wiki za mwanzo inaleta usingizi na kizunguzungu, na mtu wa ngalawa akipata kizunguzungu hana pa kushikilia, kwa hiyo asubiri nchi kavu kwanza. Vipele vikitokea, hasa vikiambatana na homa, macho mekundu au vidonda mdomoni, asimalizie dozi wala asisubiri tarehe ya kliniki, aende hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini ngozi inaweza kubabuka vibaya. Na asiikate ghafla kwa sababu tu amejisikia vizuri.

Kubwa zaidi kwa hapa kwetu ni kwamba dawa hii haipendi kukaa na wenzake. Inaliamsha ini lizivunje dawa nyingine upesi. Anayetumia dolutegraviri, iliyomo ndani ya kidonge cha ARV wanachomeza wengi siku hizi, huhitaji kuongezewa dozi yake akianzishiwa kabamazepini, na hilo haliwezekani kama kliniki mbili hazijui habari za kila mmoja. Mwanamke mwenye kipandikizi mkononi au anayemeza vidonge vya majira anaweza kushika mimba akidhani yuko salama. Sindano na kitanzi haviguswi.

Na valproeti ni hadithi nyingine kabisa. Kwa mama mjamzito, takribani mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua kiakili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Ukumbuke kuwa wanaopewa kliniki jina la ile haiba ya hisia kupanda na kushuka, wengi ni wanawake vijana. Dawa yenye ushahidi wa kubabaisha na hatari ya uhakika, kumpa binti wa miaka 22 kwa sababu ana hasira, mimi sioni hoja yake.

Tena kuna kinaya ambacho kinanichosha. Siyo kila dawa ya kifafa inapoza. Fenobabitoni, ya bei nafuu kuliko zote, inaweza kumfanya mtu, hasa mtoto, awe mkali na asiyetulia. Levetirasetamu nayo inajulikana kwa kuwafanya watu wawe na hasira za karibu. Anayesikia "dawa za kifafa zinatuliza hasira" kisha akaazima vidonge vya jirani anaweza kurudi na moto mkubwa kuliko aliokwenda kuuzima.

Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo, yale ya kufundishwa. Mmarekani Marsha Linehan alichapisha mwaka 1991 jaribio la tiba ambayo mgonjwa anakaa na mshauri wake kila wiki kwa mwaka mzima, na mara nyingine kila wiki anafundishwa na wenzake kundini jinsi ya kuivuka hisia bila kuharibu kitu. Mkoa wetu si mgeni wa huduma za akili, kule Lutindi milimani Korogwe wagonjwa wamekuwa wakitunzwa tangu 1904, lakini saa moja ya mshauri kila wiki kwa mtu mmoja, kwa mwaka, ni anasa hata kwenye nchi tajiri. Moja ya mbinu za tiba hiyo ni kutia uso maji baridi. Nilipoisoma nilicheka, maana hapa Tanga mtoto wa madrasa anajua: ukikasirika umesimama, kaa, na chukua udhu. Taabu ni kwamba udhu unamtaka mtu aliyejua kuwa amekasirika kabla hajanyanyua kisu.

Wiki ya sita alikuja kijana mwenyewe, kwa baiskeli. Mrefu, mpole wa sauti, viganja vimekaushwa na chumvi. Alisema dawa ilianza vizuri, sasa anaiona kama imepungua nguvu. Hilo nalo lina maelezo: kabamazepini hulifundisha ini kuivunja kabamazepini yenyewe, na katika wiki za mwanzo kiwango kwenye damu hushuka ingawa vidonge ni vilevile. Nikamwandikia karatasi ampelekee daktari wake, si mimi wa kumwongezea. Nikamuuliza alama za mkaa zikoje. Mwezi wa kwanza saba, huu wa pili mbili, na moja kati ya hizo, alisema, mama amemwonea tu.

"Tofauti yake nini, unavyoisikia mwenyewe?"

Alifikiri. "Zamani nilikuwa nashtukia nimeshafanya. Sasa nasikia inakuja."

"Ikija unafanya nini?"

"Juzi niliruka majini."

Alipofungasha aliniomba kitu kimoja: nisiandike jina la dawa kwenye bahasha, niandike namba tu za kumeza, kwani kuna posa mahali na hataki kina shemeji waulizie kifafa. Nilikataa. Akiokotwa barabarani hajitambui, aliyemwokota anatakiwa ajue ana nini mwilini. Niliandika jina, lakini kwa herufi ndogo, na chini yake nikaandika kwa kubwa: asubuhi 1, jioni 1, baada ya chakula. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.